Mzee Anatembea Kila Jioni na Bado Anajikwaa: Mwongozo Kamili wa Kuzoeza Miguu na Akili kwa Pamoja

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Baba anatembea kila jioni hadi msikitini na kurudi, mbona bado anajikwaa?" Na wengine: "Mama tumemwekea michezo ya kumbukumbu kwenye simu, anatushinda sote, lakini akiitwa na jirani huku amebeba sinia anayumba."

Makosa ni mawili, na yanafanana. Baba anazoeza miguu peke yake, kwenye njia aliyoizoea, bila kufikiri. Mama anazoeza akili peke yake, akiwa amekaa. Lakini wazee wengi huanguka wanapogeuka, wanapovuka kizingiti, wanapoitikia salamu, wanapopapasa swichi gizani. Hapo miguu inahitaji akili, na akili imeshakwenda kwingine.

Mapitio makubwa ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalikusanya majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000 kutoka nchi 25. Mazoezi yalipunguza idadi ya maanguko kwa takriban asilimia 23. Yaliyofanya kazi ni yale ya usawa wa mwili na ya shughuli za kila siku, hasa yakichanganywa na ya nguvu. Kutembea peke yake hakukuwa na ushahidi wa kutosha. Matembezi ya jioni yaendelee, yana faida kwa moyo na usingizi, lakini yasihesabiwe kuwa kinga ya kuanguka.

Mpangilio hapa chini ni wa wiki 12: nguvu ya miguu, usawa, kupanga hatua, kisha akili. Usiruke awamu. Wanaoanza kwa kuhesabu kinyumenyume wakati magoti bado yanatetemeka ndio wanaokata tamaa mapema.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Kiti imara chenye mgongo, kisicho na magurudumu, pa kukalia pawe na kimo cha sentimita 43 hivi. Kiti cha plastiki hapana: miguu yake hutanuka na kuteleza kwenye saruji.
- Ukuta mtupu au meza nzito ya kushikia.
- Chaki kwa sakafu ya saruji. Kwa vigae, tumia utepe wa karatasi wa mafundi rangi.
- Futi ya fundi cherehani.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Mkanda mpana wa kiunoni, ambao msaidizi ataushika kwa nyuma.
- Viatu vinavyofunga kisigino, vyenye soli isiyoteleza.
- Kikombe cha plastiki, mkeka na daftari.

Kuhusu viatu, sibishani na mtu: ndala hazitumiki. Mzee mwenye ndala hukunja vidole ili zisivuke, na mguu uliokunja vidole hauinuki vizuri. Kama hana viatu, na afanye pekupeku kwenye sakafu kavu. Mwenye kisukari asifanye pekupeku, kwa sababu anaweza kukanyaga kitu kikali asisikie. Huyo nyayo zake zikaguliwe kabla na baada ya mazoezi.

## Nani aende kituo cha afya kabla ya kuanza

Mpeleke kwanza mzee aliyeanguka mara mbili au zaidi ndani ya mwaka mmoja, aliyewahi kuzirai, anayepata maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au ambaye presha yake inafika 180/110. Aliyepata kiharusi, mwenye Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili) na mwenye usahaulifu mkubwa aanze akiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Awamu ya 6 ina hatari kwao ikifanywa kwa kubahatisha.

Mkiwa huko, omba apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, kizunguzungu cha asubuhi kimepata maelezo. Huenda daktari akabadilisha dawa au saa za kuzimeza. Usimwachishe dawa wewe mwenyewe.

Siku yoyote ya mazoezi, simama mara moja ukiona maumivu ya kifua, mdomo kupinda, maneno kutotamkika vizuri, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, au jasho la baridi. Hapo ni hospitali moja kwa moja. Usimpe maji na kusubiri.

## Awamu ya 1: Pima alipo leo

Bila kipimo cha mwanzo hutajua kama anapiga hatua, naye ataacha kwa kuona hakuna kinachobadilika. Vipimo vinne vinatosha. Andika tarehe na namba kwenye daftari.

Kukaa na kusimama kwa sekunde 30. Kiti kiegemee ukuta. Mzee avuke mikono kifuani, asimame wima kabisa, akae, arudie. Hesabu mara alizosimama. Kwa viwango vya CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, mwenye miaka 65 hadi 69 akiwa chini ya 12 kwa mwanamume au 11 kwa mwanamke, miguu yake ni dhaifu kwa rika lake. Miaka 70 hadi 74 ni 12 na 10. 75 hadi 79 ni 11 na 10. 80 hadi 84 ni 10 na 9. Akilazimika kusukuma kwa mikono, andika sifuri. Namba hizi zilitokana na wazee wa Kimarekani, kwa hiyo zichukue kama dira tu. Mshindani wa mzee wako ni namba yake mwenyewe ya mwezi ujao.

Inuka, nenda, rudi. Chora mstari mita 3 kutoka kwenye kiti. Mzee ainuke, atembee kwa mwendo wake wa kawaida hadi kwenye mstari, ageuke, arudi akae. Akichukua sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka.

Inuka, nenda, rudi, huku akitaja. Rudia kipimo hicho hicho, safari hii akitaja majina ya samaki au matunda bila kurudia. Tofauti ya sekunde kati ya vipimo hivi viwili ndiyo utakayoifanyia kazi kuanzia Awamu ya 6.

Zungumza naye mkitembea. Mkiwa njiani muulize swali linalohitaji jibu refu, usimwambie kuwa unampima. Je, anasimama ili akujibu? Watafiti wa Sweden walichapisha mwaka 1997 uchunguzi wa wazee 58 waliokuwa wakiishi kwenye makazi ya kutunzwa. Kumi na wawili walisimama walipoanza kuzungumzishwa, na kumi kati ya hao walianguka ndani ya miezi sita iliyofuata. Ni kipimo kisichogharimu kitu, na ni cha kwanza ambacho ningefanya.

*Utajua umefaulu:* daftari lina mistari minne ya namba na maelezo, na mzee ameelewa kwamba hakuna aliyeshindwa.

## Awamu ya 2: Safisha njia

Ondoa mkeka uliokunjika pembe, waya wa feni unaovuka mlango, ndoo iliyoachwa ukumbini. Kizingiti kipakwe rangi nyeupe ili kionekane. Weka taa ndogo ya kuchaji kati ya kitanda na choo, kwa sababu umeme haukatiki kwa miadi. Kwenye choo cha kuchuchumaa, fundi afunge bomba la chuma ukutani la kushikia. Kazi yote hii ni ya siku moja, na mazoezi yasianze kabla haijaisha.

## Awamu ya 3: Nguvu ya miguu (wiki ya 1 hadi ya 3)

Misuli ya mapaja na makalio ndiyo inayomwinua mtu kutoka kitandani na chooni, na ndiyo inayomdaka anapojikwaa. Ikiwa dhaifu, usawa haufundishiki.

Siku tatu kwa wiki, ukiacha siku moja katikati:

1. Kukaa na kusimama. Nyayo ziwe nyuma kidogo ya magoti, kifua kiinamie mbele hadi pua ipite juu ya vidole vya miguu, kisha asimame. Hapa ndipo wengi wanapokwama: mzee anajaribu kunyanyuka akiwa wima, anarudi kitini kwa kishindo. Mwambie "inama kwanza, ndipo uinuke." Kushuka kuchukue sekunde tatu. Mara 8, pumzika dakika mbili, kisha mara 8 tena. Akishindwa, ongeza kimo cha kiti kwa blanketi lililokunjwa vizuri na umruhusu kusukuma kwa mikono.

2. Kupanda kwa vidole. Akishika meza, ainue visigino, ahesabu hadi tatu, ashuke polepole. Mara 10. Hii ni ya mashavu ya miguu, yanayosukuma mwili mbele wakati wa kutembea.

3. Kuinua vidole. Visigino vibaki chini, vidole viinuke. Mara 10. Misuli ya mbele ya muundi ikichoka, ncha ya kiatu hukwaruza sakafu, na hapo ndipo kizingiti kinapomkamata.

4. Mguu pembeni. Akishika meza kwa mikono miwili, apeleke mguu mmoja pembeni bila kuinamisha mwili. Mara 8 kila upande. Nyonga isiyo na nguvu humfanya mtu ayumbe kila anaponyanyua mguu.

Asibane pumzi. Mwambie ahesabu kwa sauti, kwa sababu anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi.

Maumivu kidogo ya misuli siku ya pili ni ya kawaida. Goti likiuma zaidi siku inayofuata, au likivimba, punguza idadi kwa nusu badala ya kuacha kabisa. Mwenye magoti yaliyolika anahitaji mazoezi haya kuliko yeyote, ila kwa kiti kirefu zaidi.

*Utajua umefaulu:* anasimama mara 8 mfululizo bila mikono na bila kudondokea kiti. Kama wiki ya tatu bado hajafika, ongeza wiki. Hakuna anayewafukuza.

## Awamu ya 4: Usawa wa mwili (wiki ya 3 hadi ya 5)

Endelea na mazoezi ya Awamu ya 3 na uongeze haya. Mzee asimame akiwa na ukuta nyuma yake na meza mbele. Wewe simama pembeni, nyuma kidogo, mkono ukiwa kwenye mkanda wake. Usimshike mkono: atakuegemea, na mwili wake hautajifunza kujitegemea.

Kuna misimamo minne, kila mmoja sekunde 10:

- Miguu sambamba, imegusana.
- Mguu mmoja mbele kidogo, kisigino chake kando ya kidole gumba cha mwingine.
- Mguu mmoja mbele ya mwingine kwenye mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole.
- Mguu mmoja.

Asipande msimamo unaofuata kabla ya kumaliza sekunde 10 za ule uliotangulia. Asiyeweza kumaliza sekunde 10 kwenye msimamo wa tatu yuko kwenye hatari kubwa ya kuanguka, kwa hiyo tumieni muda mwingi hapo. Msimamo wa nne si lazima. Wapo wazee wengi wanaotembea vizuri bila kuufikia.

Anapokuwa imara, ageuze kichwa polepole kulia na kushoto kama anayetoa salamu mwisho wa sala. Kugeuza kichwa huvuruga usawa kuliko watu wanavyodhani, na ndicho mtu anachofanya kabla ya kuvuka barabara. Baadaye atembee pembeni kando ya ukuta, hatua kumi kwenda na kumi kurudi.

Onyo: usimfumbishe macho nyumbani. Zoezi hilo lipo, lakini ni la mtaalamu.

*Utajua umefaulu:* anasimama kwenye msimamo wa tatu kwa sekunde 10, miguu yote kwa zamu, bila kugusa meza.

## Awamu ya 5: Vyumba vya chaki (wiki ya 5 hadi ya 8)

Awamu hii ndiyo kiini cha mwongozo. Japani, watafiti Shigematsu na Okura walitengeneza zoezi la kupiga hatua kwenye zulia jembamba la sentimita 100 kwa 250, lililogawanywa vyumba 40 vya mraba, kila kimoja sentimita 25. Msaidizi anaonyesha mpangilio wa hatua, mzee anautazama, anaukumbuka, kisha anaurudia bila kukanyaga mistari. Zulia hatuna, lakini chaki tunayo.

Kuchora. Chagua sakafu kavu, karibu na ukuta lakini isigusane nao. Pima upana mita 1, urefu mita 2 na nusu. Gawa upana kwa vyumba vinne na urefu kwa safu kumi. Mistari minne ya vyumba inayokwenda mbele iite nguzo, kutoka kushoto: 1, 2, 3, 4. Chora kwa futi, usikadirie kwa jicho. Vyumba visivyolingana vinamchanganya mzee, naye atadhani ni akili yake.

Kuonyesha. Fanya mwenyewe kwanza, polepole, mara moja au mbili. Usimtajie mguu gani uende wapi. Ukimtajia, wewe ndiye unayekumbuka na yeye anafuata tu.

Mpangilio wa kwanza: mbele moja kwa moja. Mguu wa kushoto uwe nguzo ya 2 safu ya kwanza, wa kulia nguzo ya 3 safu ya pili, wa kushoto tena nguzo ya 2 safu ya tatu, hadi mwisho. Hatua kumi. Atoke pembeni, arudi mwanzo akitembea nje ya mchoro.

Mpangilio wa pili: katikati, kushoto, katikati, kulia. Kila safu ikanyagwe na miguu yote miwili. Safu ya kwanza nguzo ya 2 na 3, ya pili nguzo ya 1 na 2, ya tatu nguzo ya 2 na 3, ya nne nguzo ya 3 na 4, kisha rudia. Kanuni ni moja: mguu wa upande anaokwenda ndio utangulie. Akisahau hilo atavukisha miguu na kujikwaa, kwa hiyo mpangilio huu uuonyeshe mara tatu.

Mpangilio wa tatu: mbele mbili, nyuma moja. Safu mbili mbele, safu moja kurudi, mbele mbili tena. Hapa shika mkanda muda wote. Kurudi nyuma ndiko anakofanya anapofungua mlango unaofunguka kumwelekea, na wazee wengi hawajakujaribu kwa miaka.

Baada ya hapo tunga yako. Kitu kimoja tu kibadilike kwa siku. Kila mpangilio arudie mara nne hadi sita, na kipindi kizima cha vyumba kisizidi dakika 20.

Akikanyaga mstari, usiseme "umekosea." Mwache amalize, kisha umuulize alipotoka nje ya mpangilio. Akipaona mwenyewe, zoezi limefanya kazi yake hata kama hatua zilikuwa mbovu.

Wajukuu huja wenyewe, hawahitaji kuitwa. Waache wacheze kwa zamu, ila wasimkimbilie mzee akiwa ndani ya mchoro. Babu aliyegoma kufanya "mazoezi ya wagonjwa" mara nyingi hawezi kukubali kushindwa na mtoto wa darasa la tatu.

*Utajua umefaulu:* anaona mpangilio mpya mara mbili, anaufanya mara mbili mfululizo bila kukanyaga mstari, na macho yake hayajaganda miguuni.

## Awamu ya 6: Ongeza mzigo wa akili (wiki ya 8 hadi ya 10)

Sasa miguu ina akiba, na akili inaweza kupewa kazi ya pili. Anza na mpangilio wa kwanza wa chaki, ule rahisi kabisa, hata kama ameshamudu wa tatu. Kinachoongezeka ni mzigo, si ugumu wa hatua.

Kazi za kumpa, kuanzia nyepesi:

- Kupiga makofi kila hatua ya tatu. Kituo cha taifa cha afya ya wazee cha Japani kina mazoezi ya namna hii: kuhesabu kwa sauti na kupiga makofi kila namba inayogawanyika kwa tatu.
- Kutaja wajukuu kuanzia mdogo hadi mkubwa, au vituo vya daladala kutoka nyumbani hadi mjini, kisha kinyumenyume.
- Hesabu ya sokoni: nanasi shilingi 2,000, ndizi 1,500, nimetoa 5,000, narudishiwa ngapi? Mzee ambaye hakukaa darasani mara nyingi huwapita wasomi hapa.
- Kitendawili ambacho hajawahi kukisikia. Anaitika "tega", na miguu haisimami wakati anafikiri.
- Kutoka 100 ukipunguza tatu tatu: 97, 94, 91. Ni ngumu hata kwako, jaribu.

Kukariri Al-Fatiha, Baba Yetu au methali alizokua nazo hakuhesabiki kama mzigo. Ulimi unakwenda wenyewe. Kazi iwe ya kutafuta jibu.

Onyo kubwa la awamu hii. Mwambie tangu mwanzo: miguu kwanza, jibu baadaye. Ukimuona ananyamaza lakini hatua zinaendelea vizuri, amechagua sawasawa. Ukimuona anajibu kwa haraka huku anayumba, punguza swali au usimamishe. Mzee anayeona haya kukawia kujibu ndiye wa kuchungwa, hasa mbele ya wageni.

Dakika 10 za mzigo zinatosha kwa kipindi. Akili ikichoka, mwendo huharibika kabla hajasema amechoka. Dalili ni miguu kuanza kuburuta, hatua kufupika, na majibu ya "ah, basi tu."

*Utajua umefaulu:* anafanya mpangilio wa kwanza na wa pili huku akijibu, bila kusimama. Usitegemee wa tatu.

## Awamu ya 7: Toka nje (wiki ya 10 hadi ya 12)

Sakafu ya nyumbani si barabara ya mtaani. Chukua alichojifunza ukipeleke kinakotumika.

Aanze na kikombe cha plastiki kilichojaa nusu maji, akitembea mita tano na kurudi. Kisha asogee uani penye kokoto, kisha kwenye mteremko mdogo. Mwagize dukani vitu vitatu bila karatasi, mfuate kwa nyuma. Mpitishe sokoni saa ambazo hakuna msongamano, na umwache yeye aitikie salamu, apokee chenji, ageuke. Asifanye mazoezi ya akili wakati wa kuvuka barabara. Hapo ni kimya, kulia, kushoto, kuvuka.

Mkongojo si aibu na wala haumaanishi ameshindwa. Kimo chake kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono akiwa amesimama wima amevaa viatu. Ushikwe upande wa mguu mzima, kinyume na wanavyofanya wengi.

*Utajua umefaulu:* unamuuliza swali refu mkiwa njiani, anakujibu, na hakusimama.

## Ajifunze kuinuka kutoka sakafuni

Zoezi hili huachwa na karibu kila mtu, na mimi naliweka sawa na mengine yote. Mtu akianguka akakaa chini saa nyingi kwa kushindwa kuinuka, anapata madhara mapya juu ya yale ya kuanguka.

Tandika mkeka, weka kiti imara kando. Mfundishe kuanzia juu kwenda chini, siku tofauti:

1. Kutoka goti moja chini, mikono kwenye kiti, asukume hadi asimame.
2. Kutoka magoti mawili, alete mguu wenye nguvu mbele, kisha kama hapo juu.
3. Kutoka kulalia ubavu: ajisukume kwa kiwiko na mkono, aje kwenye magoti na mikono, atambae hadi kwenye kiti.

Mwenye mifupa iliyowahi kuvunjika, nyonga bandia au magoti yasiyokunjika asifanye bila mtaalamu.

Akianguka kweli, usimvute kwa mikono. Muulize panapouma. Mguu ukionekana mfupi kuliko mwenzake na umepinda kutazama nje, huenda nyonga imevunjika: usimsimamishe, mfunike, tafuta usafiri atakaolala.

## Ratiba ya wiki

Jumatatu, Jumatano na Jumamosi: dakika 5 za kupasha mwili kwa kutembea papo hapo, dakika 10 za nguvu, dakika 15 hadi 20 za awamu aliyofikia. Siku nyingine matembezi ya kawaida. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2020, linawataka wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi mchanganyiko ya usawa na nguvu siku tatu au zaidi. Kwa aliyekaa mwaka mzima barazani, dakika 10 ni mwanzo halali.

Saa nzuri ni asubuhi baada ya uji, si mara tu baada ya kuamka. Mwenye kisukari anayetumia dawa au sindano ale kwanza. Wakati wa mfungo, hamishia baada ya futari, usiku ukiwa na taa ya kutosha. Chakula kiwe na maharage, dagaa, mayai au samaki, kwa sababu misuli haijengwi kwa chai na mkate.

## Panapokwama zaidi

Mnamfanyia kila kitu. "Kaa bibi, nitakuletea." Ni adabu, na ndiyo inayolegeza miguu. Maji ya kunywa aende kuchukua mwenyewe. Kama hilo linaonekana kukosa heshima kwa majirani, mwambie aliyekuja kuuliza kwamba ni agizo la kliniki.

Hakuna mabadiliko. Nguvu na usawa huhitaji wiki 8 hadi 12. Rudia vipimo vya Awamu ya 1 kila wiki ya nne, siyo kila siku. Akisimama mara 9 badala ya 7, mwonyeshe daftari.

Anakataa. Mara nyingi hakatai mazoezi, anakataa kuamrishwa na mtoto aliyemlea. Mtafutie mwenzake wa rika, wafanye wawili, au mwache yeye ndiye awafundishe wajukuu mpangilio wa siku.

Aliugua akaacha. Malaria, homa au safari ya msibani ikikata wiki moja, rudi awamu moja nyuma. Ikikata mwezi, pima upya na uanze Awamu ya 3. Atapanda haraka kuliko mara ya kwanza. Akianguka katikati ya mpango, hata kama hakuumia, simamisha Awamu ya 6 na 7, mpeleke akaangaliwe presha, macho na dawa anazotumia, na mkirudi muanzie kwenye misimamo minne.